"Kunja magoti" hakutoshi

Kwenye kila mteremko wa wanaojifunza kuteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa kwenye mabuti, utasikia mtu akipiga kelele: "Kunja magoti! Kunja magoti!" Mara nyingi anayepiga kelele si mwalimu, ni rafiki au mwenzi mwenye nia njema. Anayeambiwa hutii. Hukunja magoti, makalio yakashuka nyuma kama anayetafuta kiti, na mita chache mbele yuko chini. Kwa mtu mzima anayeanza, sioni ushauri unaomharibia siku zaidi ya huo.

Cha kukunja kwanza ni kifundo cha mguu. Kifundo kikikunjwa, muundi unabonyeza ulimi wa buti, goti linafuata lenyewe, na uzito unabaki katikati ya skii. Ukikunja goti tu, uzito unakimbilia nyuma, ncha za mbele zinakuwa nyepesi, na skii yenye ncha nyepesi haisikii la kuambiwa: huitaki kushoto, inakwenda kushoto. Woga nao unakuvuta huko huko nyuma, kwa sababu mwili ukiona mteremko unataka kujitenga na bonde. Kwa hiyo kipimo ni kimoja tu. Jiulize kila baada ya kona: muundi unagusa ulimi wa buti? Kama kinachogusa ni shavu la mguu huko nyuma, umeshakaa.

Sasa, muundi hauwezi kubonyeza ulimi wa buti lililo kubwa. Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia, dukani kwenye vifaa vya kukodi. Saizi ya mabuti haya hutajwa kwa sentimita za urefu wa wayo: wayo wa sentimita 27 unavaa 27. Anayeanza akivaa 27 anahisi limembana, anaomba 28.5, anafurahi kwa nusu saa. Kisha kisigino kinaanza kupanda na kushuka ndani, anakaza vifungo mpaka mguu unakufa ganzi, na bado skii haimtii. Buti sahihi linagusa vidole ukisimama wima, halafu vidole vinaachana nalo kidogo ukisukuma muundi mbele. Ukitaka uhakika zaidi, toa kiatu laini cha ndani, ingiza mguu kwenye gamba tupu, sogeza vidole hadi viguse mbele, kisha tazama nyuma ya kisigino: nafasi ya sentimita 1.5 hadi 2 inatosha. Soksi iwe moja, nyembamba na ndefu, na suruali ya ndani isiingie kwenye buti. Soksi mbili haziongezi joto. Zinakunjamana na kubana damu. Ukivaa, gonga kisigino chini mara mbili tatu kabla ya kufunga, na anza na kifungo cha kifundoni.

Muda wangu wote ningeutumia kwenye mabuti. Skii zenyewe hazina mjadala mrefu: ziishie karibu na kidevu, zipindike kwa urahisi, basi. Ila usidanganye unapoulizwa uzito, urefu, umri na kiwango chako (wanaodanganya kuhusu uzito ni wengi, sijui wanamwogopa nani). Takwimu hizo pamoja na urefu wa soli ya buti ndizo zinazoamua kifungio, kile kinachoshika buti kwenye skii, kiachie kwa nguvu kiasi gani. Kikiwa legevu, skii inachomoka bila sababu; kikikazwa mno, mguu unapinda kabla skii haijaachia.

Mazoezi yaanze mahali ambapo mteremko unaisha kwenye uwanda, ili kasi ife yenyewe hata ukishindwa kusimama. Vaa skii moja kwanza, utembee nayo, kisha badilisha mguu. Halafu kabari: ncha za mbele zikaribiane kwa upana wa ngumi, visigino vikisukumwa nje. Ncha zikipandana, kwa kawaida umebana magoti au uzito umelalia upande mmoja. Kukata kushoto, bonyeza skii ya kulia. Kukata kulia, bonyeza ya kushoto. Karibu kila mtu hufanya kinyume, anainamia upande anaotaka kwenda, na skii inaendelea moja kwa moja.

Wapo wanaoidharau kabari na kutaka skii sambamba siku ya kwanza. Njia hiyo ipo: kule Les Arcs, Ufaransa, walifundisha kwa kuanza na skii fupi sana, kisha ndefu kidogo kidogo. Lakini hiyo ni mbinu yenye vifaa vyake na mwalimu wake. Mwenye skii za kawaida atulie kwenye kabari, ila asiifanye breki ya kila kitu. Kwenye mteremko mkali kabari pana huchosha mapaja na haisimamishi. Kasi huuawa na kona iliyokamilishwa, mpaka skii zielekee upande au juu kidogo.

Kuhusu rangi zinazoonyesha ugumu wa njia, angalia uko nchi gani. Ufaransa rahisi kuliko zote ni kijani. Austria na Italia kwa kawaida huanzia bluu. Marekani na Kanada kijani ndiyo ya wanaoanza na bluu ni ya waliokwishapata uzoefu. Aliyezoea bluu ya Austria asidhani ndiyo hiyo hiyo.

Na kukaa nyuma si suala la mtindo tu. Makalio yakishuka chini ya magoti, mkono ukirudi nyuma na uzito ukabaki kwenye mkia wa skii moja, goti linaweza kusokotwa hadi kano iliyo katikati ya goti ikakatika, na vifungio vya kawaida havikuundwa kuzuia hilo. Kwa hiyo ukianguka, anguka kabisa, kwa ubavu. Usijaribu kuinuka ukiwa bado unateleza. Ukishaacha kuteleza, weka skii zote mbili upande wa chini, zikiwa zimekingama na mteremko, ndipo ujiinue. Mapaja yakianza kuwaka moto mchana, ujue umekaa nyuma muda mrefu. Pumzika, au shuka kwa lifti.