Chartres: nani alisema Zama za Kati zilikuwa nyeusi?

Desemba 2024, Notre-Dame ya Paris ilipofunguliwa tena baada ya ukarabati uliofuata moto wa Aprili 15, 2019, gumzo kubwa lilikuwa weupe wa ndani. Watu waliozoea kuta za kijivu, zilizofifia kwa moshi na vumbi, walikuta mawe yanang'aa kana kwamba yametoka machimboni jana. Wengi walifurahi, na waliolalamika hawakusikika sana.

Miaka kumi kabla ya hapo, kiasi cha kilomita 80 kusini-magharibi mwa Paris, kanisa kuu la Chartres lilikuwa likisafishwa ndani, na mafundi wake waliambulia matusi. Desemba 2014 mhakiki wa usanifu majengo kutoka Marekani, Martin Filler, aliandika kwamba kazi ile ni kashfa, kwamba hali ya karne nane inafutwa kwa brashi. Mwanahistoria wa sanaa Adrien Goetz naye aliishambulia katika magazeti ya Ufaransa. Ukaanzishwa waraka wa kukusanya sahihi ili kazi isimame, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba Mkataba wa Venice wa 1964, ambao ndio mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, umekiukwa. Chartres iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1979, kwa hiyo tuhuma haikuwa ndogo.

Tofauti ya majengo haya mawili naikubali mapema. Paris, kuta zilisafishwa kwa sababu moto uliacha vumbi la madini ya risasi kila mahali, na kilichotafutwa ni jiwe tupu. Chartres hakukuwa na dharura ya aina hiyo, na baada ya kusafisha, mafundi walipaka. Hilo neno, walipaka, ndilo lililowaudhi watu. Msomaji akisikia kwamba serikali imepaka rangi ndani ya kanisa la karne ya 13, anaona picha ya ndoo na roli la kupaka rangi na mkandarasi mwenye haraka.

Kilichokutwa ukutani ndicho kinachostahili kuangaliwa kwa karibu, maana katika kelele zote zile ndicho kilichotajwa kidogo zaidi. Chini ya tabaka la masizi kulikuwa na rangi ya chokaa, manjano hafifu inayokaribia rangi ya mchanga, na juu yake mistari myeupe iliyochorwa kwa mkono kuonyesha maungio ya mawe. Ni ya karne ya 13, ya wajenzi wenyewe. Haikuwa vipande viwili vitatu vya kubahatisha. Sehemu kubwa ya kupaka kule ilikuwa bado imeshika ukutani, imefunikwa tu. Na mistari ile haifuati maungio halisi! Fundi mwashi alichonga jiwe, akalipanga, akalifunga kwa chokaa. Kisha akaja mwenzake na brashi, akaifunika kazi yote, akachora juu yake mawe mengine ya uongo, ya kimo kimoja, yaliyonyooka kuliko yale ya kweli.

Kwa nini wafanye hivyo? Anayejua jiwe la Chartres hashangai sana. Lilitoka Berchères, machimbo yaliyo karibu na mji, na ni jiwe gumu, lenye nguvu ya kubeba, lakini lina vitundu na uso wake ni wa kukwaruza. Kwa sanamu za milangoni walitafuta mawe laini zaidi. Kwa kuta na nguzo walitumia Berchères, wakijua kwamba litavikwa. Hii inageuza kichwa chini miguu juu ile picha tuliyofundishwa, kwamba uzuri wa Kigothi, mtindo wa ujenzi wa makanisa kama haya, ni ukweli wa jiwe tupu. Jiwe tupu ni mapenzi ya karne ya 19 na ya 20. Kwa mjenzi wa mwaka 1210, ukuta usiopakwa ulikuwa ukuta ambao haujaisha.

Narudi kwenye ile mistari kwa sababu naona inabeba kesi yote. Mtu akisema "rudisheni jiwe la asili," ombi lake lina maana ya kukwangua kazi ya karne ya 13. Akisema "acheni kama palivyokuwa," maana yake ni kuifunika kazi hiyo hiyo kwa moshi wa mishumaa, wa taa na wa mitambo ya kupasha joto. Hakuna njia ya tatu inayomheshimu mjenzi wa kale na wakati huohuo kuliacha giza lilivyo. Waliosaini waraka walidai wanaitetea Chartres ya Zama za Kati. Waliyoitetea, kwa kweli, ni Chartres ya babu zao.

Na bado babu nao wana haki zao. Hoja ya wapinzani, ikisemwa vizuri, ni nzito. Jengo linaishi. Mahujaji walioingia Chartres kwa vizazi vingi waliingia gizani, macho yakapanuka polepole, kisha vioo vikawaka juu yao kama makaa ya buluu na nyekundu. Giza lile lilikuwa sehemu ya ibada na sehemu ya umaarufu wa mahali. Kuna na hoja ya jicho lenyewe: ndani ya chumba cheusi mboni hufunguka, na kioo chenye rangi nzito huonekana na nguvu zaidi. Ukiweka kuta zinazorudisha mwanga, ukaongeza taa za umeme, rangi inapoteza makali. Goetz alilinganisha hali hiyo na kutazama filamu ukumbini wakati taa hazijazimwa. Malalamiko ya vioo si mapya hapa. Katika miaka ya 1970, vioo vitatu vya ukuta wa magharibi viliposafishwa na kuwekewa utando wa kinga, wachoraji walipiga kelele kwamba uhai wake umekufa.

Nakubali sehemu ya taa za umeme moja kwa moja. Taa inazimwa kwa swichi, na mtu yeyote aliyewahi kuona altare iliyomulikwa kama duka la dhahabu anajua kwamba mapadri na mafundi umeme hawana daima macho ya kanisa. Lakini hilo ni kosa la taa. Ukuta hauhusiki.

Kuhusu mwanga wa kuta zenyewe, inabidi kukumbuka jengo hili lilitengenezwa kufanya nini. Usiku wa Juni 10, 1194, moto uliteketeza sehemu kubwa ya kanisa la awali. Likabaki lile la chini ya ardhi, pamoja na uso wa magharibi na Mlango wake wa Kifalme. Vazi linaloaminika kuwa la Bikira Maria, lililotolewa na mfalme Charles Mpara mwaka 876, lilikutwa salama, na watu wakaona ni ishara kwamba anataka nyumba kubwa zaidi. Ndani ya miaka 30 hivi sehemu kubwa ya jengo ilikuwa imesimama, kasi ya ajabu kwa wakati ule, ndiyo maana Chartres inaonekana kama wazo moja kuliko makanisa makuu mengi. Mjenzi wake, ambaye jina lake halikuandikwa, alifuta roshani nzima ya juu ya njia za pembeni iliyozoeleka kabla yake, akaacha matao ya nje yabebe msukumo wa dari lililo mita 37 juu. Nafasi aliyoipata hakuijaza mawe. Madirisha ya juu yakawa na kimo kinachokaribia kile cha matao ya chini.

Mtu aliyefanya hesabu ya hatari kiasi hicho ili aingize mita za mraba zipatazo 2,600 za kioo, kisha akapaka kila ukuta rangi hafifu, hakuwa anatafuta pango. Vioo vya karne ya 12 na 13 ni vizito na vinapitisha mwanga kidogo. Hilo wapinzani wanalisema kweli. Lakini ndiyo sababu ukuta hafifu ulihitajika: upokee kidogo kinachopita na kukisambaza. Ukuta uliojaa masizi unakimeza. Matokeo yake ni dirisha linalowaka peke yake, na pembeni yake sanamu, mbavu za dari na makutano ya nguzo vimezama, kama sufuria iliyokaa miaka kwenye moto wa kuni, ambayo huwezi tena kujua ilifuliwa kwa madini gani. Madeline Caviness, aliyeutumia maisha yake ya kitaaluma kwenye vioo vya rangi, na Jeffrey Hamburger, mtaalamu wa sanaa ya Zama za Kati, walijitokeza hadharani kuitetea kazi hii. Hao si watu wa kulisifia roli la mkandarasi.

Sasa ule Mkataba wa Venice, unaonukuliwa zaidi ya kusomwa. Kifungu cha 9 kinataka ukarabati usimame pale dhana inapoanza. Kifungu cha 11 kinaagiza kuheshimu michango halali ya vipindi vyote vilivyolijenga jengo, kwa sababu kufanana kwa mtindo si lengo. Wapinzani huishia hapo. Kifungu hichohicho kinaendelea: kufichua hali ya chini kunaruhusiwa katika mazingira ya pekee, pale kinachoondolewa kina thamani ndogo na kinachofichuliwa kina thamani kubwa ya kihistoria, ya kiakiolojia au ya uzuri. Masizi upande mmoja, kupaka kwa karne ya 13 kulikohifadhika upande mwingine. Kama hapo kifungu hakitumiki, sijui kingetumika wapi.

Pale ninapoona Mkataba unawabana warekebishaji ni kwenye mapengo. Kipande kilichobaki huimarishwa, na kilichopotea hujazwa kwa rangi mpya ya kufanana. Ukitazama kwa mbali huwezi kutenganisha mkono wa mwaka 1220 na wa 2012. Mantiki yake naielewa, kwa kuwa ukuta wenye madoa ungeharibu umoja ambao mistari ile ilichorwa kuuleta, lakini mtu anayesema kwamba ameonyeshwa nakala akidhani ni asili si mpumbavu. Mraba mmoja mmoja ungeachwa mweusi katika kila sehemu, kama mafundi wengi wanavyofanya kwingine, kelele zingepungua nusu.

Halafu kuna eneo la altare kuu, ambalo linavuruga kambi zote mbili. Katika karne ya 18 makanoni, yaani mapadri wa baraza la kanisa kuu, walilivisha marumaru na plasta ya kuiga marumaru, mchongaji Bridan akachonga Kupalizwa kwa Bikira Maria mnamo 1773, na vioo kadhaa vya rangi vikaondolewa ili mwanga mweupe uimulike kazi mpya. Warekebishaji waliiacha, wakaisafisha, inang'aa. Kwa hiyo leo unasimama kati ya dari la karne ya 13 na ukuta wa enzi za mfalme Louis XV, pamoja, jambo ambalo hakuna mtu wa karne ya 13 aliyeliona. Filler alilichukia. Mimi nalisoma kama uthibitisho kwamba waliofanya kazi hii hawakuwa washupavu wa kurudisha saa nyuma: kilichotengenezwa kwa kukusudia kilibaki, hata kama hakipendezi, na kilichojilundika chenyewe kikaondoka. Ndivyo ilivyokuwa kwa paa pia. Msitu wa mbao za kale uliteketea 1836, ukajengwa mpya wa chuma na kufunikwa shaba, na hakuna anayeomba mialoni irudi.

Kipimo hicho hicho, cha kukusudia na kujilundika, kinaanguka mbele ya Bikira Maria wa Nguzo. Ni sanamu ya mbao ya karne ya 16, na waumini wameijua ikiwa nyeusi. Ikasafishwa, ikapakwa, ikarudi na uso mweupe wenye mashavu ya waridi. Wataalamu wana ushahidi wao kwamba rangi ya ngozi ilikuwa hafifu tangu mwanzo, na sina sababu ya kuwabishia. Ila ukuta hauombewi. Watu walipiga magoti mbele ya Mama mweusi, wakamwita hivyo, wakawaleta watoto wao kwake, na weusi huo, uwe ulitokana na moshi au na brashi ya baadaye, ulikuwa umeshakuwa jina lake. Kwa lugha ya Mkataba, hapa kilichoondolewa hakikuwa cha thamani ndogo. Chartres kuna mfano ungewasaidia kufikiri: Bikira Maria wa Chini ya Ardhi, sanamu nyingine, alichomwa moto wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, 1793, akachongwa mwingine karne ya 19, na aliyepo leo ni wa 1976. Ibada haikuhitaji mbao ya asili. Ilihitaji Mama wanayemtambua.

Hili linatupeleka kwa mwenye nyumba. Tangu sheria ya 1905 ya kutenganisha dini na dola, makanisa makuu 87 ya Ufaransa, Chartres likiwemo, ni mali ya serikali. Askofu na waumini ni watumiaji tu. Kwa kuta, sioni ubaya: uchunguzi wa tabaka za chokaa si jambo la kupigiwa kura, na mkusanya sahihi aliyeko ng'ambo hana haki kubwa kuliko mkemia aliyepanda jukwaani. Kwa sanamu, mkemia angeweza kuandika ripoti yake, akaweka picha za rangi ya asili kando ya nguzo, na kuwaachia watu wa parokia waamue kama brashi iguse uso ule. Wanaoandika dhidi ya Chartres wangeshikilia hapo tu, wakaacha kulilia masizi ya dari, wangekuwa na kesi ambayo mimi nisingeweza kuijibu.