Chimba uone, au piga hesabu kwanza? Ubishi wetu wa Mwanjelwa juu ya modeli za mafuta

Jumamosi iliyopita nilikuwa Mwanjelwa kwenye kijiwe cha kahawa na dogo mmoja ninayemfundisha simulesheni ya mafuta, yani kuiga kwenye kompyuta jinsi mafuta yanavyotembea chini ya ardhi, tunabishana kuhusu gridi, yaani vile vyumba tunavyougawa mwamba, pembeni yetu kakaa mzee mmoja mchimba visima vya maji, ana rigi yake na lori lake, anajulikana Mbeya nzima mpaka Mbarali. Akasikiliza weee, mwisho akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Kijana wangu, Uganda wamepata mafuta 2006, mpaka leo mnachezea kompyuta. Sisi tukifika kwa mteja tunachimba, maji yapo, hayapo, jioni jibu unalo." Kijiwe chote kikamshangilia, na mi nikabaki sina la kusema pale pale, maana mzee wa watu nimemwamkia shikamoo dakika kumi zilizopita, naanzaje kumbishia mbele za watu.

Sasa nimekaa na ule ubishi wiki nzima. Na kiukweli mzee ana hoja, nitaifikia, ila nianze na pale ninapoona watu wengi wanatuelewa vibaya sisi wa modeli.

Wanaojua mambo haya wataniwia radhi, naeleza kifupi tu. Wajiolojia wanatengeneza picha ya mwamba ulivyokaa chini, tabaka, mipasuko, wapi kuna matundu ya kushika mafuta na wapi hakuna. Hiyo picha imesimama haiendi popote. Modeli dainamiki, mi naiita modeli ya mwendo, inachukua ile picha inaigawa vyumba vyumba, maelfu au mamilioni, halafu inauliza: nikifungua kisima hapa na nikisukuma maji pale, mwezi ujao presha itakuwa ngapi, mwaka wa tano nini kinatoka, mafuta au maji? Hesabu iliyo moyoni mwake ni ya Darcy, Mfaransa aliyekuwa anahangaika na maji ya mji wa Dijon, akapitisha maji kwenye mchanga akapima yanavyopita, 1856. Yani ukitaka kujua, baba wa hii kazi yetu alikuwa fundi wa maji, mwenzake na mzee wa rigi kabisa.

Tofauti ya maji ya mzee na mafuta ni hii. Kisima cha maji cha nyumbani ukikosea unahama mita 50 unachimba kingine, hasara ni ya mteja mmoja na inauma lakini inaisha. Hifadhi ya mafuta, yani mwamba wenyewe ulioyashika, ukikosea haurudi nyuma. Mwamba una njia rahisi na njia ngumu, na maji unayoingiza kusukuma mafuta hayana akili, yanafuata njia rahisi. Yakishatoboa mpaka kwenye kisima chako cha kuzalisha basi ndo yamepata barabara, kila lita inayofuata itapita hapo hapo, na mafuta yaliyokaa kwenye mchanga mgumu pembeni yanabaki kule. Unaweza kuziba, unaweza kuchimba kisima kingine, lakini ile presha uliyoichezea na ule mpangilio uliouvuruga huurudishi tena kama ulivyoukuta.

Na hapa kuna namba moja ambayo hainiachi, naomba mnivumilie. Uganda kule Ziwa Albert wanasema mafuta yaliyomo chini ni kama mapipa bilioni 6.5, yanayotarajiwa kutoka ni kama bilioni 1.4. Gawanya. Ni asilimia 21 na kitu. Maana yake katika kila mapipa 100 yaliyoko chini, 78 yanabaki huko huko, na hapo ni mpango umefanyika vizuri, visima zaidi ya 400 kwenye mradi wa Tilenga peke yake, maji yanarudishwa chini, kila kitu. Sasa fikiria modeli nzuri imekusaidia kuweka visima sehemu bora kidogo tu, ukapata asilimia moja ya ziada. Moja tu. Asilimia moja ya bilioni 6.5 ni mapipa milioni 65. Kwa kasi ya juu wanayoitarajia, mapipa 230,000 kwa siku, hiyo ni siku 282, miezi tisa na ushee ya kuzalisha kwa nguvu zote. Chukua bei ya dola 60 kwa pipa, bei ya kukadiria tu, inakuja dola bilioni 3.9. Kwa asilimia moja! Halafu mtu ananiambia watu wamekaa miaka miwili na kompyuta wanapoteza muda. Na upande wa pili wa shilingi ndo unaonitisha zaidi, kwasababu asilimia moja hiyo hiyo unaweza kuipoteza kwa haraka ya mwaka mmoja na hakuna gazeti litakaloandika, maana mafuta yasiyotoka hayaonekani, hakuna anayeyalilia.

Na kuhusu kuchelewa kwa Uganda, tuwe wakweli, siyo kompyuta iliyochelewesha. Kulikuwa na ugomvi wa kodi, bomba lilikuwa lipite Kenya mpaka 2016 likahamia Tanga, wabia wakauziana hisa, uamuzi wa mwisho wa kuweka pesa ukaja Februari 2022. Afu yale mafuta yana nta, yakipoa yanaganda kama samli ya asubuhi ya baridi ya Makete, ndo maana bomba lote la kilomita 1,443 linapashwa moto. Mambo kama hayo lazima uyajue kabla hujachimba, ukianza kuyajua wakati mafuta yanatoka umechelewa.

Haya, mzee wa rigi sasa.

Aliponiona Jumatatu alinisimulia kitu. Kuna mteja wa Igurusi alileta wapimaji na mashine yao, wakamwandikia ripoti nzuri ina rangi, maji yapo mita 60. Mzee akachimba 60, kavu. Akachimba 80, vumbi. Akafika 110 akasimamisha, mteja analia na yeye dizeli imeisha. "Ile karatasi," ananiambia, "ilikuwa na rangi ya bluu nzuri kweli." Mi hapo sina ubishi. Rangi ni ugonjwa wetu mkubwa. Modeli ikishachorwa na rangi nyekundu na kijani, ikazungushwa kwenye skrini kubwa mbele ya mabosi, kila mtu anasahau kwamba kati ya kisima na kisima kuna kilomita nzima ambayo hakuna aliyeigusa, tumejaza kwa kukadiria. Sampuli ya mwamba tuliyoitoa ina unene wa mkono wa mtu, chumba kimoja cha kwenye gridi kinaweza kuwa mita 100 kwa 100. Tunachukua mkono tunasema ndo mtu mzima.

Kibaya zaidi ni kulinganisha historia. Kisima kikishazalisha miaka mitatu unayo rekodi ya presha na maji na mafuta, unarudi kwenye modeli unazungusha vifundo, yani zile namba za mwamba usizo na uhakika nazo, mpaka mstari wako ufuate rekodi. Ukifuata, watu wanapiga makofi. Watafiti wa Imperial College London walionesha 2004 jinsi makofi yale yanavyodanganya. Walitengeneza kipande cha hifadhi cha kubuni, chenye mpasuko mmoja katikati, vifundo vitatu tu vya kuzungusha: mpasuko umeshuka kiasi gani, mchanga mzuri unapitisha kiasi gani, mchanga mbaya kiasi gani. Vitatu! Wakaendesha modeli nyingi sana, na wakakuta iliyofuata historia vizuri zaidi siyo iliyotabiri vizuri kesho. Kama vifundo vitatu vinafanya hivyo, sisi wenye vifundo mia mbili tunajidai nini.

Na Norway nao, nchi yenye data kuliko karibu wote, uchambuzi uliotoka 2020 uliangalia utabiri wa miradi ya kwao ukalinganisha na kilichotoka kweli, ukakuta utabiri ulikuwa na matumaini kupita kiasi na kujiamini kupita kiasi, mradi baada ya mradi. Kwa hiyo tukisema tunakosea, siyo mzee wa Mwanjelwa peke yake anayeona.

Ila ona tofauti hapa, na hapa ndo sikubaliani na kijiwe. Kilichoharibika katika habari zote hizo siyo hesabu, ni mtu kuchukua modeli moja akaifanya nabii. Mi nikikaa na dogo namwambia nipe modeli thelathini zote zinazofuata historia, usinipe moja. Juzi usiku tumeendesha za mazoezi kwenye OPM Flow, sofutwea ya bure inayokubali laptopu ya kawaida, saa nne tumeanza, saa sita umeme ukakatika, betri ikashikilia kidogo ikazima, tumeanza upya asubuhi. Tulipomaliza tukaona tatu zimefuata rekodi ya miaka ya mwanzo karibu sawasawa, lakini moja inasema maji yatafika kisimani mwaka wa nne, nyingine mwaka wa sita, nyingine wa tisa. Dogo akakata tamaa, anasema kaka sasa jibu ni lipi. Nikamwambia jibu ndo hilo hilo. Mitambo ya kutenganisha maji usiijenge kwa kipimo cha mwaka wa tisa, na kabla hujachimba kisima cha pili nenda kapime sehemu ile ambayo hizi tatu zinagombana. Modeli inakuonesha pa kuuliza. Mzee akichimba tu, analipata jibu la shimo moja.

Na kuna sehemu ambayo modeli haina kazi kabisa, nakubali bila kulazimishwa. Kwetu hapa, bonde la Rukwa, kampuni ya mafuta ya Amoco walichimba visima viwili 1987, Ivuna na Galula, hawakukuta mafuta ya biashara. Mtu akija leo na modeli ya mwendo ya mafuta ya Rukwa mfukuze, hana mwendo wa kulinganisha nao, anachora ndoto. Pale ni rigi kwanza, mzee yuko sahihi asilimia mia. Angalia hata wanaotafuta gesi ya helium kule Itumbula, bonde hilo hilo, 2024 walichimba, gesi ikatoka, ndo wakakifungulia kisima muda wapime kinavyotiririka. Kenya nao mafuta ya Turkana waliyabeba kwa malori mpaka Mombasa, meli ya kwanza ikaondoka Agosti 2019, watu wakacheka kwamba ni siasa, na siasa ilikuwepo, lakini visima vile vilipokuwa vinazalisha vilikuwa vinatoa presha na rekodi ambayo hakuna modeli ingeweza kuibuni. Kuchimba na kupiga hesabu ni kazi moja yenye zamu mbili.

Kinachonikera hasa ni kitu kingine ambacho kijiweni hakikutajwa. Sisi tuna gesi, Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, na ile ya bahari kuu inayosubiri mradi wa Lindi wa kugeuza gesi kuwa kimiminika, halafu ukiuliza vijana wangapi wa Kitanzania wameshika modeli yenyewe kwa mikono yao, wakaiendesha, wakaivuruga wakaona inavyovurugika, utapata wachache. Wengi tunaoneshwa matokeo. Tuna PURA, mamlaka ya kudhibiti utafutaji na uzalishaji wa mafuta na gesi, tangu sheria ya 2015, kazi yake kusimamia wenye leseni, na kusimamia mtu ambaye modeli yake huwezi kuifungua na kuizungusha mwenyewe ni kama kukagua duka kwa kupitia dirishani. Mwekezaji akisema kisima hiki kipunguzwe kasi, lazima awepo mtu wetu wa kusema subiri, naenda kuendesha na mimi. Dharau ya kijiwe kwamba ni mchezo wa kompyuta inawafaidisha wale wale wenye kompyuta.

Jumanne nikaona maneno hayatoshi, nikakata chupa mbili za maji za lita moja na nusu, nikajaza mchanga, upande mmoja mnene wa mtoni, upande mwingine laini uliochekechwa, katikati nikaweka karatasi ngumu kisha nikaichomoa. Nikamimina mafuta ya alizeti mpaka mchanga ukalowa wote, nikatoboa chini, nikaanza kumimina maji taratibu mbele ya mzee. Mafuta yakatoka kidogo, kijiko kimoja viwili, halafu maji, maji matupu. Mzee akainua chupa akaiangalia kwenye jua. Upande wa mchanga mnene umesafishika, upande laini bado unang'aa mafuta kama chapati. Akaniuliza, "Na huku hayatoki tena?" Nikamwambia mwaga maji mpaka jioni mzee wangu.

Akamwaga kweli, ndoo nzima.

Hajakubali lakini. Anasema hiyo ni chupa, ardhi ni ardhi, na mita 110 za Igurusi hazisahau. Ila ile chupa ya pili kaondoka nayo, naambiwa kaiweka mbele kwenye dashibodi ya lori, na mteja akilalamika kwanini kisima cha jirani kina maji na chake hakina, anaishusha anamwonesha.