Kumsoma Marx: tuanzie kwenye kitani au kwenye saa za kazi?

Swali la wapi pa kuanzia kumsoma Marx huonekana dogo, kama jambo la kupanga ratiba tu. Mimi nimeona vikundi viwili vya usomaji vikivunjika kwa ajili yake. Upande mmoja husema Das Kapital, kitabu chake kikuu kuhusu mtaji, isomwe kama ilivyoandikwa, kuanzia ukurasa wa kwanza: bidhaa, thamani, na zile yadi 20 za kitani zinazolingana na koti moja. Upande wa pili huuliza nani ana muda wa kitani wakati watu wanapunguzwa kazini. Tuzungumze siasa za leo, wanasema, nadharia tutaiokota njiani.

Wa kwanza wana hoja nzito kuliko wanavyoweza kuieleza wenyewe. Kiini cha juzuu ya kwanza ni kwamba mfanyakazi hauzi kazi, anauza nguvukazi yake, yaani uwezo wake wa kufanya kazi, kwa muda fulani. Tuseme mwajiri anamlipa thamani kamili ya nguvukazi hiyo, yaani kinachomwezesha kula, kulala, kulea watoto na kurudi kesho. Ikiwa saa 6 zinatosha kufidia ujira na siku ya kazi ina saa 12, zile 6 zilizobaki ni thamani ya ziada, na kiwango cha unyonyaji ni asilimia 100. Hakuna aliyedanganywa kwenye mizani. Ukiruka kurasa za mwanzo, jambo hili hulipati, na usipolipata utabaki kulaani tamaa ya matajiri, kazi ambayo haihitaji Marx.

Na Kiswahili hapo kinatusaidia na kutupoteza kwa wakati mmoja. Ukisikia “unyonyaji” unamwona kupe mgongoni mwa ng’ombe. Picha si mbaya, Marx mwenyewe aliufananisha mtaji na mnyonya damu. Lakini kupe ana hatia, na ukimng’oa ng’ombe anapona. Basi msomaji anayeanzia kwenye neno hufikia haraka kwamba dawa ni kumpata mwajiri mwenye utu. Hesabu ya Marx inasema vingine: hata mwajiri mpole kuliko wote, anayelipa kwa wakati na kuuguza wagonjwa wake, bado anaishi kwa zile saa za ziada, na asipozipata washindani wake watammeza. “Ubepari” nao una mtego wake. Bepari ni neno lililotujia kutoka Bara Hindi, na maana yake ni mfanyabiashara. Kwa hiyo tukitaja ubepari akili inakimbilia kwa muuzaji na faida yake ya kupandisha bei. Marx alitaka tutoke sokoni kabisa, tuingie ule mlango ulioandikwa kwamba asiye na shughuli haruhusiwi, kwa sababu faida huzaliwa ndani, kwenye uzalishaji. Nimewahi kukaa jioni nzima kwenye mjadala ambapo watu watano walitumia maneno haya mawili kwa maana tano, kila mmoja akiamini wengine wamesaliti mapinduzi.

Kwa hiyo tuanze na kitani? Hapana, na shahidi wangu ni mwandishi mwenyewe. Kitabu kilitoka 1867. Mwezi Novemba mwaka huohuo Marx alimwandikia rafiki yake Ludwig Kugelmann, daktari wa Hannover, amweleze mkewe sura zipi zinasomeka moja kwa moja: ile ya siku ya kazi, zile za ushirikiano, mgawanyo wa kazi na mashine, kisha ile ya ulimbikizaji wa awali, yaani jinsi mtaji wa mwanzo ulivyopatikana. Kuhusu istilahi ngumu, Kugelmann amfafanulie. Mwaka 1872 mchapishaji Mfaransa, Maurice Lachâtre, alipopendekeza tafsiri itolewe vipande vipande, Marx alifurahi kwamba kwa njia hiyo wafanyakazi wangeweza kuipata, na kwake hilo lilizidi mengine yote. Papo hapo alikiri kwamba sura za mwanzo ni ngumu na kwamba wasomaji wenye haraka wanaweza kukata tamaa. Karibu miaka mia baadaye, 1969, mwanafalsafa Louis Althusser aliwashauri Wafaransa waiache sehemu yote ya kwanza katika usomaji wa awali. Kwa upande mwingine, wadhibiti wa vitabu wa Urusi waliiruhusu tafsiri ya 1872 kwa hoja kwamba watakaoisoma ni wachache, na watakaoielewa ni wachache zaidi. Kitabu kiliuzika haraka. Tusiwadharau sana wasomaji basi.

Fungua sura ya siku ya kazi uone tofauti. Mary Anne Walkley, mshonaji wa London mwenye umri wa miaka 20, Juni 1863, alifanya kazi saa 26 na nusu mfululizo pamoja na wasichana wengine 60, thelathini katika chumba kimoja chenye theluthi tu ya hewa waliyohitaji. Walikuwa wakishona magauni ya dansi ya kumpokea binti mfalme mpya. Aliugua Ijumaa, akafa Jumapili, na nguo aliyoishika haikuwa imekwisha. Marx anaiweka habari hiyo kati ya ripoti za wakaguzi wa viwanda na hesabu za saa, na msomaji hahitaji kuambiwa thamani ya ziada ina uhusiano gani na mwili wa mtu. Akishaona hivyo, mwenyewe atauliza ni nini kinachomfanya mwajiri ang’ang’anie hata dakika za chakula. Hapo ndipo kitani kinaanza kuwa na maana. Mimi nilisoma sura ya kwanza mara tatu bila kufika popote. Mara ya nne nilikuwa nimeshapita kwenye saa za kazi, na iliingia.

Wanaotaka tuachane na nadharia wana sababu nyingine, na hii ndiyo inayonisumbua. Wanasema kusoma kwa pamoja hugeuka kuwa mashindano ya nukuu. Kweli. Mfano mkubwa wa aibu ni kile kitabu cha historia ya chama kilichotolewa Umoja wa Kisovyeti mwaka 1938, ambamo uyakinifu wa kidialektiki, falsafa ya Kimarx, ulibanwa ukawa orodha ya kanuni za kukariri, na mamilioni wakaikariri. Friedrich Engels, rafiki na mshirika wa Marx, alisimulia kwamba Marx, akiwazungumzia wafuasi wake wa Ufaransa, alisema anachojua ni kwamba yeye si Mmarx. Komredi mmoja akiwa na nukuu kwa kila swali, ujue swali halijasikilizwa.

Lakini nukuu haziondoki kwa kuacha kusoma. Zinapungua mkisoma na wapinzani. Juzuu ya tatu ilitoka 1894, miaka 11 baada ya Marx kufariki, na miaka miwili baadaye mwanauchumi wa Austria, Eugen von Böhm-Bawerk, akaandika kwamba inapingana na ya kwanza: kule bidhaa hubadilishana kwa thamani zao, huku kwa bei zinazosawazisha viwango vya faida. Wanauchumi wanabishana hadi leo kama pengo hilo limezibwa. Kikundi kinachomaliza mwaka bila kuligusa kimemsikiliza wakili wa upande mmoja. Rosa Luxemburg, mwanamapinduzi wa Kimarx, hakuogopa mapengo. Alipokuwa akifundisha katika shule ya chama cha Kisoshalisti mjini Berlin, alianza kuandika utangulizi rahisi wa uchumi wa kisiasa, akakwama kwenye michoro ya Marx ya jinsi mtaji wa jamii nzima unavyojizalisha upya. Hakuificha. Kukwama huko kulizaa kitabu chake cha 1913 kuhusu ulimbikizaji wa mtaji, na wenzake wengi walikishambulia vikali.

Jioni niliyojifunza zaidi haikuanza na kitabu. Mmoja wetu anabeba abiria kwa programu ya simu, na gari bado analilipia mkopo. Aliuliza: mimi ni nani katika mambo yenu haya? Mmoja akamwita bepari mdogo, kwa kuwa chombo cha kazi ni chake. Mwingine akapinga: gari bila programu halimpi abiria, na bei haipangi yeye. Wa tatu akadai kampuni inatoza kodi tu, kama mwenye ardhi. Ndipo tukafungua ile sura fupi kuhusu malipo kwa kila kazi iliyokamilika badala ya kwa saa. Marx anasema malipo ya aina hiyo hupunguza haja ya msimamizi, humfanya mfanyakazi ajisikie huru, na humsukuma kurefusha siku yake kwa hiari. Dereva akacheka. Akasema msimamizi wake ni nyota tano.

Hatukuafikiana. Mimi namwona mfanyakazi, ingawa hoja ya kodi sijaweza kuivunja. Tulikuwa tumeahidiana kwenda hadi saa nne usiku, lakini saa mbili simu yake ikaanza kulia, maombi ya safari yakimiminika, naye akachukua ufunguo akatuacha tukiendelea kubishana juu yake.