Gawio ni tamu, ila linatoka mfuko gani?

Jirani yangu hapa Kawempe, Kampala, anapika rolex (chapati ya kukunja na mayai) kando ya barabara, juzi kaninyooshea simu na mikono imejaa unga, "mzee hebu soma hii, mbona wamenikata?" Ana hisa elfu 10 za kampuni moja ya pale soko la hisa, gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, lilikuwa shilingi 6 kwa hisa, kwa hiyo alingoja elfu 60, ikaingia elfu 54. Nikamwambia hujaibiwa, hiyo ni kodi ya asilimia 10, inakatwa kabla pesa haijakufikia. Kampuni isingekuwa sokoni wangekata 15.

Sasa swali lake la pili ndilo lilinikalisha chini. Eti kwa nini wanatoa pesa, si wangeongezea biashara?

Ukisoma wachumi, Modigliani na Miller walisema toka 1961 kwamba kwenye soko lisilo na kasoro, yaani hakuna kodi wala gharama na kuuza ni rahisi, gawio halikuongezei utajiri, manake pesa ikitoka kwenye kampuni thamani ya kampuni inapungua kiasi hichohicho, ndo maana siku daftari la wanahisa watakaolipwa likishafungwa bei huwa inashuka kidogo. Ukitaka keshi, uza hisa chache basi. Vizuri, lakini hao hawajawahi kujaribu kuuza hisa elfu 2 Kampala! Soko letu ni dogo, unaweka oda kwa broka, wakala wa kuuza hisa, alafu unangoja mnunuzi kama unayengoja taksi ijae saa nne usiku. Kampuni ya simu ya MTN Uganda waliuza hisa kwa shilingi 200 mwaka 2021, na 2024 kampuni mama yenyewe ikauza zingine kwa 170. Aliyenunua mwanzo, mwaka huo kama si gawio angeshika nini mkononi?

Alafu kuna hili la mabosi. Pesa ikikaa sana ofisini inapata miguu, mara magari mapya, mara jengo ambalo hakuna aliyeliomba. Gawio linawalazimisha kuonyesha kwamba faida ya kwenye karatasi ni pesa kweli.

Ila upande wa pili nao una nguvu. Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, chini ya Warren Buffett aliyeiongoza mpaka mwisho wa 2025, ililipa gawio mara moja tu, 1967, na wenye hisa hawakulia, sababu jamaa alijua pa kuipeleka hiyo pesa. Na benki ikigawa sana, siku ya shida itasimama na nini? Machi 2020 korona ilipoingia, Benki Kuu ya Uganda iliziambia benki ziahirishe kwanza gawio, wanahisa wakanuna lakini mimi naona ilikuwa sawa. Tena tusijidanganye nani anakula sahani kubwa: pale MTN Uganda zaidi ya robo tatu ya hisa ni za kampuni mama ya Afrika Kusini, kwa hiyo kila gawio nono linalotangazwa, sehemu kubwa inapanda ndege.

Umeme, kampuni iliyokuwa inasambaza umeme Uganda, ndo mfano ninaoupenda. Hisa ziliingia sokoni 2012 kwa 275, na kila mtu alijua mkataba wake na serikali wa miaka 20 unaisha 2025, na kweli Machi 2025 ukaisha. Kampuni ya namna hiyo ikikupa gawio kubwa usiseme asilimia hii tamu kuliko bondi, yaani riba ya kuikopesha serikali, manake sehemu ya hiyo pesa ni mtaji wako mwenyewe unarudishiwa polepole, aliyeila yote kama faida alikula mbegu.

Nikamuuliza jirani, wewe jioni ukimaliza unafanyaje na faida? Akasema kwanza unga na mayai ya kesho, inayobaki ni ada ya watoto, na mwaka jana hakupeleka kitu nyumbani wiki mbili sababu alikuwa ananunua sigiri ya pili. Mke alinuna? "Sana." Na sigiri ya pili imeleta kitu? Akacheka, akaniambia nisogee, kuna wateja nyuma yangu.