Wekundu Usiofutika

Siku ile wenye magari walinipenda. Kila aliyekuwa nyuma yangu alinimulika taa, nami kwa adabu nikatoa mkono dirishani na kumpungia. Kilomita 60 nzima napunga tu, hadi bega likaanza kuuma.

Nilikuwa navuta tela lenye mzigo wa tani 2 hivi kwa pikapu ya otomatiki, na macho yangu hayakubanduka kwenye geji. Pikapu hii naijua: ikiwa kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare, injini hutulia kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Siku hiyo ilisimama 2,500 na haikutaka kushuka. Tulipoanza kupanda mlima, joto la oili ya giaboksi nalo likapanda: 105, 112, 118. Oili hiyo hustarehe kati ya nyuzi 80 na 95. Ikivuka 120 huanza kuchakaa upesi, na oili iliyochakaa huziacha klachi za ndani ziteleze, na zikiteleza joto linazidi. Nikaegesha kando, nikaweka gia ya kuegeshea, P, nikaiacha injini ikizunguka 1,200 hivi ili pampu iendelee kusukuma oili kwenye kipozeo. Ukizima hapohapo, oili ya moto inabaki palepale ilipo ikijipika.

Ugonjwa niliujua papo hapo. Ndani ya torki konvata, kile kiungo kinachopitisha nguvu ya injini hadi giaboksi kwa oili, mna klachi ya kufunga. Ikishika, injini na giaboksi huzunguka kama kitu kimoja. Isiposhika, nguvu yote inapitia kwenye oili, na oili inayochapwa hutoa joto; ukiwa na tela, joto hilo halina mchezo. Nilipoondoka nikafanya kipimo kinachojulikana: mguu wa kulia unabaki palepale kwenye mafuta, wa kushoto unagusa breki kidogo tu, kama unayepima maji ya moto kwa kidole. Klachi ikiwa imeshika, itaachia, na mizunguko itaruka kwa 200 hadi 400. Yangu haikutikisika. Nikajipigia kifua: klachi haishiki! Na ni kweli, haikuwa inashika.

Nilipofika nikachomeka mashine ya kusomea hitilafu. Msimbo wa P0741 haukuwepo. Huo ndio hujitokeza kompyuta ikiamuru klachi ishike, halafu ikaona bado inateleza. Nikapata P0703 peke yake, habari za swichi ya breki. Nikacheka. Mgonjwa analalamika tumbo, wewe unaniletea habari za kucha? Nikaufuta. Data hai, ambayo ingenionyesha kwamba kompyuta haijaamuru chochote tangu asubuhi, sikuifungua. Fundi aliyekwishajua ugonjwa atafungua data ya nini?

Nikafungua sampo badala yake, lile bakuli la oili lililo chini ya giaboksi.

Sasa, sampo isiyo na bolti ya kumwagia ina utaratibu wake. Unalegeza bolti zote, unang'oa za pande tatu, za upande wa nne unaziacha zishike kwa hesi chache. Sampo inainama taratibu, oili inachuruzika kwenye beseni. Nayajua hayo, nimewahi hata kuwafokea watu waliokosea. Mimi nikang'oa zote ikabaki moja ya pembeni. Sampo haikuanguka kwa sababu gasketi ilikuwa imeganda. Nikalala chali chini yake na kuigonga kwa mpini wa bisibisi, huku naimba.

Lita 4 na nusu. Nashukuru nilikuwa nimeiacha ipoe kwa muda wa saa tatu. Kwa kawaida unapima uzima wa oili kwa kudondosha tone kwenye kitambaa cheupe, uone kama bado ni nyekundu au imekuwa kahawia yenye harufu ya kuungua. Mimi sikuhitaji kitambaa. Naweza kuthibitisha kwa ulimi kwamba haikuwa imeungua.

Sumaku ya kwenye sampo nayo ilikuwa na ute wa kijivu, laini kama uji wa majivu, na huo ni uchakavu wa kawaida. Ningekuta chembe zinazometa, au vipande vyeusi vya klachi, hapo ningekaa chini nilie. Ila sampo safi ilinikera kuliko ingekuwa chafu.

Jua lilikuwa limezama nilipoanza kufuta sakafu. Nikafuta, nikamwaga mchanga, nikafagia, nikafuta tena. Nyuma ya gari sakafu ilibaki nyekundu. Nikapiga magoti, nikasugua kwa brashi na sabuni. Nyekundu. Nikaweka mkono juu ya doa, na mkono wenyewe ukawa mwekundu upande wa juu.

Nikageuza shingo polepole. Taa za breki zilikuwa zinawaka, na ufunguo uko mfukoni mwangu.

Pale juu ya mkono wa pedali ya breki huwa pana kibao cha plastiki, ukubwa wa kifungo cha shati. Pedali ikiwa juu, kibao hicho ndicho kinachobonyeza kipini cha swichi ili taa za breki zizime. Kikipasuka, kipini kinapenya tunduni, na kompyuta inaamini umekanyaga breki saa zote. Klachi ya konvata huachia dereva akikanyaga breki, kwa hiyo haikupewa amri hata mara moja. Kipimo changu cha kugusa breki kilikuwa kumwambia breki mtu aliyekwishaambiwa breki tangu jana.

Vipande vya kibao nilivifagia mwenyewe kwenye kapeti asubuhi ile, nikidhani ni takataka. Gia, ambayo haitoki P mpaka ukanyage breki, ilitoka bila mguu kugusa pedali, nikasifu ulaini wake. Na taa za tela nilizikagua, msinione mzembe! Nilimwomba kijana mmoja akanyage breki, nikaenda nyuma, zikawaka, nikasema safi. Sikumwambia aachie.

Nikaziba tundu kwa bolti fupi yenye kichwa bapa na nati yake, taa zikazimika. Nikabadili filta na gasketi, nikarudisha lita 4 na nusu za oili mpya ya aina ileile. Nikapitisha gia zote, nikapima oili kwa kijiti injini ikinguruma na oili ikiwa nyuzi 78, gari likiwa mahali tambarare. Nikafunga tela, nikaenda kilomita 80 kwa saa: mizunguko ikashuka hadi 2,000, joto 91.

Ila kuna betri. Asubuhi ya safari gari liligoma kuwaka, nikasema betri imezeeka, nikanunua mpya. Ile ya zamani nimeichaji na kuipima: volti 12.6, nzima kabisa.