Kabla ya kumwita teja

Huku kwetu mtu akishaitwa teja, mazungumzo yameisha. Hakuna anayeuliza jana alilala wapi wala nani alimfukuza nyumbani. Marekani nako sioni tofauti kubwa, hasa teja huyo akiwa transjenda, yaani mtu anayeishi kwa jinsia tofauti na aliyoandikiwa alipozaliwa, tena Mlatino, mwenye asili ya nchi kama Mexico.

Utafiti wa transjenda wa Marekani wa mwaka 2015 uliwahoji watu 27,715. Asilimia 29 walikuwa wametumia bangi, mihadarati au vidonge bila cheti cha daktari ndani ya mwezi mmoja. Kwa Wamarekani wote ilikuwa asilimia 10. Takwimu hiyo inapendwa sana. Ile ya kwamba asilimia 43 ya Walatino waliohojiwa waliishi kwenye umaskini haipati wasemaji. Mimi ningeanza na hiyo.

Mchukue Lorena Borjas, mwanamke transjenda. Alitoka Mexico mwaka 1981, akaishia Queens, New York. Akajiuza, akanasa kwenye kokeini ya kraki, akatumikishwa na mwanamume, akakamatwa na polisi mara kadhaa. Kraki aliiacha mwishoni mwa miaka ya 1990. Hukumu ya jinai aliyopewa mwaka 1994 haikumwacha: alikuwa na kibali cha ukaazi, lakini kwa doa lile angeweza kurudishwa Mexico wakati wowote. Gavana wa New York alimsamehe Desemba 2017, miaka 23 baadaye. Sasa niambie, kipi kilikuwa kigumu kuachana nacho?

Usiku alizunguka Roosevelt Avenue, chini ya reli ya juu, akiwagawia wanawake wa barabarani kondomu na chakula. Waliokamatwa aliwatafutia dhamana. Nyumbani kwake watu walipimwa Virusi vya Ukimwi, na sindano zilizotumika zilibadilishwa kwa mpya. Hapo kwenye sindano ndipo wengi tunapotea, maana tukiiona tu tunawaza unga. Kumbe wengi wa wanawake hao walikuwa transjenda wakijidunga homoni za magendo, zile za kuupa mwili umbo la kike, kwa kukosa daktari wa kuwahudumia, na sindano ya kuazimana huambukiza bila kuuliza ndani mna nini.

Wahubiri wa "acha tu" sijui wangemwambia nini mwanamke wa namna hiyo. Lorena alimpa namba yake ya simu.

Machi 2020, korona ilipofunga mji na kazi za barabarani zikakatika, alikuwa akiwachangishia wenzake hela ya kula. Tarehe 30 mwezi huohuo korona ikamchukua na yeye.