Kachumbari haisafishi zege

Mtu anaapa kupunguza chipsi mayai, yaani zege, kisha anaagiza lilelile na kuongeza kachumbari, eti mlo kamili! Viazi vimeshakaangwa, vikapoa kwenye kabati la kioo, vikarudishwa kikaangoni na mafuta mengine, ndipo mayai yakamiminwa. Vipande viwili vya nyanya vitafuta nini? Na hiyo tomato sosi ina sukari, soma lebo.

Kinachowarudisha wengi kibandani si ulafi. Saa mbili usiku unataka kupika nyumbani, maharage bado makavu! Loweka kilo moja Ijumaa usiku, mwaga maji, chemsha Jumamosi hadi yaive, gawa kwenye vikopo, gandisha. Usijaze hadi mdomoni, yakiganda yanafyatua mfuniko. Jioni unakaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja cha mafuta, unatia maharage, basi.